Ufalme Hauna Kidevu

Wiki iliyopita tulimwacha Fundi amepiga magoti jukwaani, pini mdomoni na mkasi mkononi, akipunguza pindo la joho la mfalme. Ndani ya joho alikuwemo mumewe. Na mumewe, kwa kujisahau, akaanza kufanya mazoezi ya maneno yake kwa sauti ya kunguruma: "Lidia wangu, hata leo nalikumbuka lile kovu dogo chini ya kidevu chako."

Kwa waliochelewa kujiunga nasi: mume huyu ni mwalimu wa historia wa sekondari, na mtaa mzima unamwita Profesa. Cheo hicho alipewa na kinyozi wake, na hakuwahi kukirudisha. Ndiye aliyetunga igizo la ufalme wa kale ulioitwa Lidia, na ndiye anayeigiza mfalme, kwani hakumwona mwingine wa kufaa. Nyumbani wana binti mchanga aliyezaliwa kwa upasuaji. Hajapata jina bado. Profesa anataka aitwe Lidia, kwa heshima ya ufalme, na kesho asubuhi ndiyo siku ya kwenda kumwandikisha.

Fundi alitema pini.

"Rudia," alisema.

"Nirudie nini?"

"Hilo la kidevu."

Profesa alicheka kile kicheko cha darasani, cha kumcheka mwanafunzi aliyeuliza swali la kijinga. "Mke wangu, hayo ni maneno ya igizo. Mfalme ameshindwa vita, anaulilia ufalme wake."

"Ufalme una kidevu?"

Waigizaji waliokuwa wakinywa chai pembeni walisahau vikombe vyao.

"Nimekuuliza, baba mtoto. Ramani nimeziona. Nimeona mito, nimeona milima, nimeona hata jangwa. Kidevu sijakiona."

"Hiyo ni tamathali ya semi, mama mtoto. Ni lugha ya..."

Kraa! Mkasi ulipita begani. Mkono mzima wa joho, pamoja na nyuzi zake zote za dhahabu, ulianguka sakafuni. Mfalme akabaki na fulana upande mmoja, kwapa nje, mbele ya raia zake wote.

"Unalikatia nini joho hili, Fundi?" alipiga kelele Mwongozaji, bwana mfupi mwenye ndevu nyingi, akija mbio kutoka viti vya nyuma. "Onyesho ni Jumamosi!"

"Nimeshona mwenyewe, nakata mwenyewe." Fundi alisimama, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Aliwageukia wanawake wa kikundi, kuanzia malkia mpaka wabeba maji. "Haya, mabibi. Nyanyueni videvu."

"Ati nini?"

"Videvu juu! Nataka kuona koo."

Msicheke. Waliinua. Mwanamke mwenye mkasi na macho mekundu habishaniwi. Aliwapita mmoja mmoja, kama mganga wa meno aliyekosea mahali, akiwasogeza kwenye mwanga wa dirisha, akiwashika mashavu na kuwageuza huku na huku. Malkia, ambaye Fundi alikuwa amemshuku tangu mwanzo wa mazoezi, aliinua kidevu chake mpaka kisogo kikagusa mgongo.

"Tazama vizuri, dada," alisema malkia kwa hasira. "Na ukimaliza nitakwambia jambo. Huyo mume wako ananuka vitunguu. Hata kwenye lile busu la mwisho nimeomba tubadilishe, tupeane mikono."

Kidevu cha malkia kilikuwa safi. Cha mbeba maji kilikuwa safi. Vyote vilikuwa safi. Hata Mwongozaji alijikuta ameinua chake, ndevu zikitazama dari, kisha akakishusha kwa aibu.

Profesa aliona upepo umegeuka upande wake, na akatanua matanga. "Umeridhika? Umenivunjia heshima mbele ya watu. Umekata joho la kikundi. Kwa sababu ya nini? Kwa sababu ya fasihi!"

"Kweli, Fundi," Mwongozaji alisaidia, akiokota mkono wa joho kwa huruma. "Waandishi wamezoea hivyo tangu zamani. Nchi wanaifanya mwanamke. Wanaibembeleza, wanaiposa, wanailia ikichukuliwa na mwingine. Lidia hapa ni ufalme, lakini mfalme anazungumza nao kama mkewe. Ndiyo maana akasema 'Lidia wangu' badala ya 'Lidia yangu'. Ukitoa hayo, igizo linabaki somo la historia."

Fundi alitazama mkono ule wa joho. Alikuwa ametumia siku kadhaa kuutia zile nyuzi, mtoto akinyonya huku yeye akishona. Hasira ilimshuka kidogo, na nafasi yake ikaingia fedheha, ambayo ni mbaya zaidi kwa sababu haina wa kumtupia.

"Basi aseme," alisema.

"Niseme nini tena?"

"Sema Lidia ilianguka. Kama ni ufalme, useme 'ilianguka'. Mambo ya 'alianguka' na 'wangu' muyaache humu humu jukwaani. Ukitoka nje ya mlango huu, nikusikie na 'i' yako."

"Lidia ilianguka," alisema Profesa.

"Tena."

"Lidia ilianguka. Lidia ilitekwa. Lidia imekwisha. Na wewe, mke wangu, leo umenidhalilisha na nitakukumbusha siku zote za maisha yako."

Wakatoka.

Njia nzima alimkumbusha. Alimkumbusha penye kituo cha mafuta, alimkumbusha penye duka la dawa, na walipokuwa wakisubiri magari yapite ili wavuke, alimkumbusha mbele ya watu wasiowajua. Lidia ilikuwa tajiri wa dhahabu, alisema. Lidia ilisifika dunia nzima. Lidia ingekuwa jina la fahari kwa binti yeyote mwenye mama asiye na wivu. Kila sentensi ilikuwa na "i" yake mahali pake, safi kama mshono wa mashine.

Fundi alitembea hatua moja nyuma yake. Nawaambia ukweli, alikuwa karibu kuomba radhi. Alipofika mlangoni kwake alisema, bila kumtazama, "Sawa. Kesho tutamwandikisha hilo jina."

Laiti angeomba radhi nje, akaingia kwa mlango wa nyuma! Lakini aliingia kwa mlango wa mbele, na sebuleni alikuwepo wifi yake.

Wifi ni dada mkubwa wa Profesa. Alikuja kusaidia uzazi akiwa na begi moja, na sasa ana kabati zima. Anasaidia kwa kukaa. Siku hiyo alikuwa amekaa, miguu juu ya kigoda, anachambua kucha zake.

"Taratibu na viatu," aliwapokea. "Sista yuko chumbani anampima mtoto."

Sista ni muuguzi. Ndiye aliyempokea mtoto siku ile ya upasuaji, Fundi akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, na tangu hapo huja kila wiki na mizani yake ya kitambaa, ile ya kumning'inizia mtoto, barakoa usoni, maana kichanga hushika mafua upesi. Fundi anampenda kuliko ndugu zake wa tumbo moja. Amemshonea gauni bila kuchukua senti. Amemweleza mambo ya ndani ambayo mtu hamwambii hata mama yake. Jina lake hakuwahi kumuuliza. Ukishamwita mtu Sista, inatosha.

"Mama mtoto amekubali," Profesa alimtangazia dada yake kwa sauti ya ushindi. "Kesho tunamwandikisha. Lidia."

Wifi alishusha miguu kigodani. Uso wote ulimchanua. "Hatimaye! Jamani, mdogo wangu, afadhali. Lidia atafurahi huyo, atafurahi mpaka alie!"

Fundi alisimama palepale, mkasi ukiwa bado begini.

Profesa alikohoa. Halafu akafanya kosa ambalo ni mwalimu tu angeweza kulifanya. Alimsahihisha.

"Itafurahi, dada," alisema. "Siyo atafurahi. *Itafurahi*."

"Ndiyo, hiyo," wifi alidakia, "itafurahi. Itafurahi mpaka ilie."

Fundi aliweka begi lake la vitambaa mezani polepole. "Itafurahi," alisema. "Ufalme uliokufa zamani za kale, uliobaki mavumbi na vigae, utasikia kwamba mwanangu amepewa jina, halafu utafurahi."

"Ni namna ya kusema..."

"Na ufalme utalia!"

"Mke wangu, dada yangu hana elimu ya..."

"Mimi sina elimu?" Wifi aligeuka kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Nimekusomesha mimi! Nimeuza mitumba juani ili wewe uitwe Profesa, leo unaniita mjinga mbele ya huyu?"

"Dada, nyamaza."

"Sinyamazi!"

"Usinyamaze, wifi," alisema Fundi, na safari hii sauti yake ilikuwa tulivu, jambo lililomtisha Profesa kuliko mkasi. "Sema. Huyo Lidia ni nani?"

"Ni mtu aliyekuzidi!" Wifi alikuwa amesimama sasa, kidole hewani. "Unajiona mama, unajiona umezaa. Ulizaa umelala! Lidia amemshika mtoto huyu kabla yako. Wewe hata hujafumbua macho, yeye ameshamwosha, ameshamfunika, ameshamwimbia!"

Wifi alisikia maneno yake mwenyewe yakiwa yameshatoka. Alifunika mdomo kwa kiganja. Bibi wee, kiganja kilichelewa.

Fundi aligeuza shingo, akatazama mlango wa chumbani.

Mlango ulifunguka. Sista alitoka na mtoto kifuani, kanga imemzunguka vizuri, barakoa imemfika puani. Alikuwa amesikia kila kitu. Kuta za nyumba ile ni nyembamba na wifi ana mapafu.

"Ameongezeka uzito," alisema Sista. "Anaendelea vizuri."

"Shusha barakoa," alisema Fundi.

"Mtoto atapata mafua."

"Mtoto nipe mimi. Barakoa shusha."

Sista alimkabidhi mtoto. Kisha akaishika barakoa kwa vidole viwili na kuivuta mpaka shingoni, bila haraka, kama anayevua glavu. Chini ya kidevu palikuwa na kovu jembamba, la kitu kilichomkata utotoni.

Fundi aliumia. Sina namna nyingine ya kulisema. Lingekuwa kovu la malkia, la mbeba maji, la mwanamke yeyote wa barabarani, angejua pa kupeleka hasira. Lakini huyu alikuwa amekaa kitandani pake, ameushika mkono wa Fundi alipokuwa akilia kwa uchungu wa mshono, amemwambia "pole, mama, utapona."

"Jina lako nani?" aliuliza.

"Unalijua. Kesho ulikuwa unakwenda kumpa mwanao."

"Naomba nieleze," alisema Profesa, akisogea katikati yao.

"Kaa chini!" walisema wote wawili kwa pamoja, na mfalme akakaa.

"Tangu lini?" aliuliza Fundi.

"Tangu kabla yako." Sista hakuinamisha macho. Kama mlitarajia aombe msamaha, hamumjui. "Alitaka kunioa, dada yake anajua. Halafu akakuona wewe na cherehani yako na nyumba yako. Mimi sikulia. Nilimwambia, basi niandikie kitu. Akaniandikia igizo. Jumamosi ukumbi mzima utakaa na kusikia jina langu likililiwa, na wewe mwenyewe ndiye uliyeshona mavazi. Kwenye vitabu Lidia ni ufalme. Kwa huyu bwana, Lidia ni mimi."

"Na jina la mtoto?"

"Wazo ni lake. Alisema ni zawadi."

"Zawadi!" Fundi alicheka, kicheko kikavu kisicho na furaha. "Mimi nikatwe tumbo, wewe upewe zawadi."

Alimtazama mumewe, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa kiti akijikunja kama nguo isiyopigwa pasi. Alitaka kumrukia. Alitaka kumrarua yeye na dada yake na huyu muuguzi, awatupe wote barabarani na kabati lao. Lakini mikono yake ilikuwa na mtoto, na mtoto alikuwa amefumbua macho anamwangalia.

Ndipo likamjia wazo. Nalo lilikuwa baya kuliko mkasi.

"Sawa," alisema. "Kesho asubuhi tunakwenda. Mtoto ataitwa Lidia."

"Ati?" alisema wifi.

"Mke wangu," Profesa aliinuka nusu, "si lazima tena. Tunaweza kutafuta jina jingine. Yako majina mengi mazuri."

"Kaa. Ulilitaka hili, umelipata. Utaliita asubuhi, utaliita jioni. Lidia, nawa mikono. Lidia, futa kamasi. Lidia, shuka mezani utaanguka. Utalipigia kelele hili jina mpaka liishe utamu mdomoni mwako. Na siku utakapolitaja usingizini, atakayeitika ni mwanangu, ataamka na kukwambia, 'Abee, baba.'"

Profesa alifumba macho.

"Na wewe," Fundi alimgeukia Sista, "nenda katafute jina jingine. Hilo kuanzia kesho lina mwenyewe. Ukitajiwa Lidia popote, ukumbini au kitandani, ujue anatajwa mtoto wangu."

Pigo lilifika. Sista aliikunja mizani yake ya kitambaa mara mbili, akaikunjua, akaikunja tena vibaya na kuisukumiza ndani ya mkoba. Wifi, ambaye hajawahi kukaa kimya tangu azaliwe, alikuwa anatazama kucha zake kama ndizo zilizosema.

Fundi alimsogeza mtoto begani. Alikuwa ameshinda, na alijua, na ilimwasha kifuani kama dawa kwenye kidonda. Nyumba ilikuwa yake. Mtoto alikuwa wake. Jina sasa lilikuwa lake pia.

Sista alifika mlangoni. Aliweka mkono kwenye kitasa, akasimama, akageuka. Uso wake ulikuwa umerudi, mtulivu kabisa, ule uso wa wodini.

"Mwandikishe tu, Fundi," alisema. "Ni jina zuri. Ila kuna jambo moja. Asubuhi ile mlipasuliwa akina mama wawili, chumba kimoja, mmoja baada ya mwingine. Mlizaa wasichana wote. Mlikuwa mmelala wote. Aliyewafunga watoto vitambulisho mkononi alikuwa mimi, peke yangu."

"Unasema nini wewe?"

"Nasema, kabla hujampa jina, kaulize kwanza kama ni wa kwako kumpa."

"Mchawi mkubwa!" Fundi alimkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili. "Umeshindwa, sasa unatapatapa. Unataka nisilale. Mtoto wangu namjua, namjua kwa harufu, namjua gizani! Baba mtoto, msikie huyu. Mwambie anadanganya. Mwambie!"

Profesa aliendelea kukaa.

"Baba mtoto!"

Profesa aliinuka kwenye kiti. Hakumtazama mkewe. Hakumtazama mtoto. Alimtazama yule mwanamke mlangoni, na mtu yule anayeweza kuhutubia ukumbi mzima bila kipaza sauti alisema kwa sauti ndogo sana, lakini kila mtu pale sebuleni alimsikia.

"Lidia," alisema, "uliniapia hutamwambia."